Mdogo wangu ameingia kwenye gemu yangu, sasa sina hamu nayo

*Shangazi, shikamoo. Nimecheza Baldur's Gate 3, gemu ya hadithi, peke yangu kwa saa 60. Mdogo wangu akaomba kuingia, nikamkaribisha. Sasa anawahi kuzungumza na kila tunayekutana naye, anachagua majibu kabla sijamaliza kusoma, na mwenza wa safari niliyempenda, mhusika wa gemu yenyewe, imebidi abaki kambini. Nikimwambia atoke ataumia. Nifanyeje? – Mpenda Hadithi*

Marahaba, mwanangu. Huo si uchoyo. Gemu yenyewe imebadilika mikononi mwako.

Kundi lina nafasi 4. Ukiwa peke yako unatembea na wenza 3, kila mmoja ana kisa chake na hukatiza safari kwa maoni yake. Mhusika aliyeundwa na mdogo wako amekalia nafasi moja, naye hana kisa kilichoandikwa. Aliyebaki kambini haongei njiani. Ndiyo maana safari imekuwa kimya.

Mazungumzo ndiyo yanayouma zaidi. Anayeyaanza ndiye anayechagua majibu. Wewe unasikiliza na kupendekeza tu. Dadu nayo inafuata alama za mhusika anayezungumza. Tuseme kumshawishi mlinzi kunahitaji 15 kwenye dadu ya pande 20. Ukiwa na Karisma (alama za mvuto wa mhusika) 16, inayokupa 3, pamoja na ujuzi wa ushawishi wa 2, unaongeza 5: ukipata 10 au zaidi umepita, yaani nafasi ya 55%. Mpiganaji mwenye Karisma 8 na asiye na ujuzi huo anapunguziwa 1, kwa hiyo anahitaji 16: nafasi ya 25%. Akikimbilia mbele, kisa kinageuka vita ambavyo hukuvichagua.

Wengi walilalamika hivi mwaka 2012, gemu nyingine ya hadithi, Mass Effect 3, ilipotoka. Humo, utayari wa galaksi (asilimia ya jeshi lako inayohesabiwa) ulianzia 50%, na njia kuu ya kuupandisha ilikuwa mapambano ya wachezaji wengi mtandaoni. Jeshi la 6,000 ulilolikusanya kwa jasho lilihesabiwa 3,000. Toleo la 2021 liliyaondoa mapambano hayo kabisa, na kwa maoni yangu hadithi ilipona.

Kwako, tafuta sevu (mchezo uliohifadhiwa) ya kabla hajaingia na uendelee nayo peke yako. Kama imeshafutika, mwombe akurudishie vitu vyako vyote alivyobeba, atoke kwenye mchezo, kisha nenda kambini kwenye kabati la Withers, mhusika wa gemu anayekaa huko, umwache mhusika wa mdogo wako humo. Usianze na kabati; utakuja kuzikumbuka zile dawa za kuponya katikati ya vita.

Halafu anzisheni kampeni mpya ya wawili, wote muunde wahusika siku moja. Mwenye Karisma kubwa ndiye aanze mazungumzo, na asianze mpaka mwenzake amefika karibu na kujiunga kusikiliza. Mapigano mengi mwachie yeye apange. Huko wachezaji wawili wananoga kweli, maana kila mtu anasubiri zamu yake na kuna muda wa kushauriana.

Mwambie kabla hamjawasha, si katikati ya ugomvi: "Ile ya zamani ni kitabu ninachokisoma peke yangu. Njoo tuanze yetu Jumamosi, wewe uchague aina ya mhusika wako kwanza."