Mwalimu mpya wa awali, usiwahi kuwanyamazisha

Ukipangiwa darasa la awali hapa Tanga, kitu cha kwanza utakachokitamani ni kimya. Hata mimi nilikitamani. Darasa langu la kwanza, kule Makorora, lilikuwa na watoto zaidi ya 60 mkekani, na kila nikisikia mmoja anajisemesha, nagonga meza. Kulikuwa na binti akipanga vizibo vya chupa kwa rangi: "Chekundu huku… hiki siyo… hiki huku." Nikamwambia anyamaze. Akanyamaza, na mkono wake nao ukasimama. Alibaki kuvitazama vile vizibo mpaka kengele ikalia. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Baadaye ndipo nikasoma mawazo ya Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki mwaka 1934. Alieleza kwamba mtoto mdogo hujisemesha ili ajiongoze katika kazi. Akikua, maneno yale hushuka yakawa minong'ono, kisha huzama ndani yakawa fikra. Binti yule alikuwa akifikiri kwa mdomo, nami nikamkatiza. Siku hizi watoto wakishika kazi za mikono, nazunguka nikitega sikio. Mnong'ono hunionyesha mtoto alipokwama, daftari halinionyeshi.

Halafu kuna makosa ya kusema. Nilimuuliza mtoto kama amekula, akajibu, "Nimela." Tulia hapo kidogo, mwalimu mwenzangu. Mtoto huyu kila siku anasikia "sijala", "hajala", wala humo hamna "ku". Anajua pia kwamba aliyelala husema "nimelala". Akaunganisha, akapata "nimela". Neno hilo hakufundishwa na mtu mzima. Amelitunga kwa kanuni aliyoivumbua mwenyewe, na kichwa kinachofanya hivyo kinafanya kazi vizuri sana. Kwa hiyo usimcheke, wala usimwambie arudie. Mrudishie neno lililonyooka humo humo kwenye mazungumzo: "Ahaa, umekula! Umekula nini?" Atakwambia muhogo, au chapati, na neno litamkaa kwa siku zake.

Wazazi watakuuliza kama waache Kidigo au Kisambaa nyumbani ili mtoto awahi Kiswahili. Waambie wasiache. Mtoto anazimudu lugha mbili, na hadithi za bibi yake ni mali anayokuja nayo darasani.

Kuhusu maswali, "hii ni rangi gani?" yana nafasi yake, ila ukiuliza hayo tu watoto watajifunza kukisia unachotaka. Mimi napenda vitendawili, na napenda zaidi jibu ambalo sikulitarajia. Siku moja nilitega: "Nyumba yangu haina mlango." Darasa zima likapaza sauti, "Yai!", kwa kuwa wamelikariri. Mmoja akasema, "Nazi." Wenzake wakamcheka. Niliwatuliza, nikamuuliza kwa nini, kisha nikangoja; nilihesabu kimoyomoyo mpaka nane, maana ukimuwahi mtoto anakuachia wewe jibu.

"Mwalimu, nazi ina macho, lakini mlango haina."

Tukaenda kwa mama anayetupikia uji, tukaomba nazi moja iliyofuliwa. Ikapita mkono kwa mkono, wakahesabu macho: matatu. Mtoto mwingine akaitikisa sikioni, akauliza maji yake yaliingilia wapi, na kipindi cha hesabu kikaishia hapo.