Tanuri moja kwa udongo na kioo?

Dada, umeuliza kama wewe na mumeo, mkishaacha kazi za benki, mnaweza kuanza na tanuri moja la stima: yeye achome vyungu, wewe uyeyushe vioo. Mnaweza, ila si kwa mkupuo mmoja. Udongo wa kawaida huiva kwenye nyuzi 1,000 hivi. Kioo karibu na 800 kishalainika na kushikana. Na kioo kinataka subira wakati wa kupoa: kitulie kwanza karibu na nyuzi 500, kisha kishuke polepole. Sisi tulifungua tanuri mapema kwa uroho wa kuona. Sahani ilitoka nzima, nzuri ajabu. Usiku wa pili, tumeshalala, tukasikia ta! Vipande viwili juu ya kabati.

Kwa mumeo, adui ni unyevu wa hapa Mombasa. Chungu kikionekana kikavu, akiguse kwa shavu. Kikiwa baridi, bado kina maji, na mvuke utakipasua motoni.

Soko? Anzeni na vyetezo. Mji wa Kale watu wanafukiza udi, na cha udongo huvunjika, mteja akarudi. Ila msiache kazi nyote wawili kwa pamoja. Mke wangu alibaki ofisini mwaka mzima baada yangu, karo ndiyo iliyoamua.