Jazi ya watu wanne bila piano

Umeuliza kama kundi la saksafoni, tarumbeta, besi na dramu halipwayi likikosa piano au gitaa. Kwangu mimi hapo ndipo linaponoga! Isikilize besi: noti yake moja ya chini hukuonyesha wimbo umefika wapi, na wapulizaji wawili wakikutana juu yake, sauti tatu tu zinatosha kujenga upatano, yaani sauti zinazolingana zikisikika pamoja. Gerry Mulligan kwenye saksafoni na Chet Baker kwenye tarumbeta walilithibitisha hilo Los Angeles mwaka 1952. Mpiga saksafoni Ornette Coleman, mwaka 1959, alikwenda mbali zaidi. Hakukuwa na piano ya kumwekea mipaka, kwa hiyo Charlie Haden kwenye besi alimfuata popote alipogeukia. Anza na hao, kisha rudia wimbo uleule ukiifuata besi peke yake.