Karatasi za ukutani za Kichina: mmeuliza, tunajibu

Tulipogusia karatasi za ukutani zilizochorwa kwa mkono Uchina na kupelekwa Ulaya karne ya 18, maswali yalifurika. Haya manne.

Wachina nao walizibandika majumbani mwao?

Hizi, hapana. Wachoraji wa Guangzhou walimlenga mteja wa ng'ambo. Walimchorea ndege, vipepeo, mianzi na maua, au watu wakilima mpunga na kutengeneza hariri.

Nitaitambuaje iliyochorwa kwa mkono?

Tafuta marudio. Karatasi ya kiwandani hurudia ua lile lile kila baada ya hatua chache. Seti ya Kichina ilikuwa na vipande virefu, mara nyingi 25 au 40, kila kimoja na mchoro wake, na tawi lililoanzia kipande hiki huendelea kwenye cha pili. Ila kuna zilizopigwa chapa mistari tu kwa vibao, rangi zikajazwa kwa brashi. Hizo nazo nazihesabu za mkono.

Kwenye picha naona ndege kama wamebandikwa juu. Ni viraka?

Naam, na ndivyo vinavyonifurahisha kuliko vyote! Maungio yalionekana, au karatasi haikutosha juu ya mlango, basi fundi alikata ndege na majani kwenye vipande vilivyobaki akaziba. Huko Temple Newsam, jumba la kifahari karibu na Leeds, Uingereza, Lady Hertford alibandika mnamo 1827 karatasi aliyozawadiwa na mwana wa mfalme miaka ishirini hivi nyuma. Alipoona ndege hawatoshi, akachukua mkasi na kukata wengine kutoka kitabu cha mchoraji Audubon cha ndege wa Marekani. Nakala kamili ya kitabu hicho leo huuzwa kwa mamilioni ya dola. Ndege wa Marekani, matawi ya Uchina, ukuta wa Uingereza: mimi nasema alifanya vyema.

Zilibandikwa moja kwa moja ukutani?

Aghalabu hapana. Turubai iliwambwa kwenye fremu ya mbao, ikafuata karatasi ya chini, ndipo ile ya thamani kwa gundi ya unga. Ndiyo maana nyingine zilibanduliwa zikiwa nzima. Ya Harewood, jumba jingine la Uingereza, iliyobandikwa 1769, iliondolewa baadaye, ikagunduliwa 1988 katika jengo la nje, na sasa imerudishwa ukutani. Kazi hiyo ilitaka fundi mzoefu. Katika jumba la Felbrigg, pia Uingereza, mwaka 1752, aliitwa mmoja kutoka London kwa shilingi 3 na peni 6 kwa siku, na mwenye nyumba akanung'unikia bei.