ALP ikiwa juu usikimbilie kusema ini

Wadogo zangu mnaoanza kazi maabara hapa Uganda, katika vipimo vyote vya ini hiki cha ALP (alkaline phosphatase, kimeng'enya cha ini na mifupa) ndo kinachanganya watu zaidi. Ripoti inatoka iko juu, mtu anasema ini limeharibika, mgonjwa anarudi nyumbani na hofu bure. Angalia umri kwanza. Mtoto anayerefuka ALP yake lazima ipite ya mtu mzima maana mifupa nayo inaitoa, na mama mwenye mimba ya miezi ya mwisho inatoka kwa kondo la nyuma, hao ini lao halina neno.

Kama ni mtu mzima na hana mimba, tafuta GGT, kimeng'enya kingine cha ini, yenyewe haitoki kwa mifupa. Zikipanda zote mbili shida iko kwenye ini ama mifereji ya nyongo, ALP ikipanda peke yake waza mfupa. Ila pombe kali kama waragi inapandisha GGT, hata dawa ya kifafa ya fenitoini, kwa hiyo mgonjwa aulizwe, na aulizwe kwa heshima jamani, watu wanaona aibu. Wale wavuvi wa Ziwa Albert wenye kichocho cha muda mrefu pia unaweza kukuta ALP na GGT ziko juu na ALT, kimeng'enya cha chembe za ini, haijasogea sana.

Halafu bilirubini, ile rangi ya manjano inayotoka chembe nyekundu zikivunjika. Iko direkti, ambayo ini limeshaishughulikia, na indirekti, ambayo bado. Jiwe ama uvimbe ukiziba mfereji inapanda ile ya direkti, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi na choo kinapauka. Mwenye sikoseli ama malaria kali macho yanakuwa manjano vilevile lakini hapo nyingi ni indirekti, chembe nyekundu zinapasuka, mfereji uko wazi.

Na ALP ikiwa chini ajabu, kalisiamu chini, potasiamu juu sana, usitoe hayo majibu kabisa! Uliza nani alitoa damu, mara nyingi imemiminwa kutoka chupa ya kifuniko cha zambarau kwenda ya nyekundu, ile EDTA, dawa ya chupa ya zambarau yenye potasiamu inayozuia damu isigande, inanyakua kalisiamu, pia zinki na magnesiamu ambazo ALP haifanyi kazi bila hizo. Mwite mgonjwa atolewe damu upya hata kama foleni ni ndefu, na sampuli ya bilirubini usiiache dirishani, mwanga unaishusha, ifunge na foili hadi mashine iwe tayari.