Ukiambiwa una homa ya ini, usikimbilie dawa ya kusafisha ini

Jamani karibu kila wiki kuna mtu ananiuliza inboksi anywe nini asafishe ini, na mimi naishi na homa ya ini B miaka mingi sasa kwa hiyo najua anayeuliza hivyo anakuwa na hofu kiasi gani, ngoja leo niandike kwa urefu.

Ini halina uchafu unaosubiri kusafishwa. Kinachoendelea mle ndani ni ujumbe. Kuna seli zenye umbo la nyota ambazo kazi yao ya kila siku ni kutunza vitamini A, zimetulia zao. Sasa kirusi kikishaingia kwenye seli za ini, chembe nyeupe zinakuja kuua zile zilizoambukizwa (kirusi B chenyewe kwa kawaida hakiui seli, kinachoziua ni kinga yako ikipambana nacho), na kwenye hiyo vurugu zinatolewa kemikali za kupeleka taarifa, kubwa yao inaitwa TGF-beta, ikizifikia zile seli za nyota zinabadilika kabisa, zinapoteza vitamini A, zinazaliana na kuanza kutengeneza kolajeni ambayo ndo kovu lenyewe.

Jeraha likiwa la mara moja wala si tatizo, ujumbe unazimika na ini linajijenga upya, tangu 1931 watafiti Higgins na Anderson walionyesha kwamba panya akikatwa theluthi mbili za ini, linarudi ukubwa wake ndani ya wiki moja na kitu. Shida yetu sisi ni jeraha lisilokoma, yaani ni fundi anapiga lipu ukuta kila siku wakati bomba la ndani bado linavuja, lipu inarundikana tu mpaka inaitwa sirosisi, na mwenyewe husikii maumivu yoyote miaka na miaka.

Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni moja: nini kinaliumiza ini langu na tunakizuiaje?

Shangazi yangu aliniletea chupa ya mitishamba toka kijijini, akaniambia mwanangu kunywa hii imeponya wengi. Nilimpokea kwa heshima zote, nikamwambia shangazi asante sana ila hii sitakunywa, haijulikani ina nini na ndiyo hilohilo ini litakalohangaika kuivunjavunja. Alinuna, baadaye akaelewa. Nawaomba na nyie muwe na huo msimamo, maana zipo dawa za asili zinazoua seli za ini moja kwa moja, halafu unakuwa umeongeza jeraha juu ya jeraha.

Kinachonipa matumaini mimi ni hiki, kovu linaweza kurudi nyuma. Kuna utafiti wa tenofoviri (dawa ya kubana kirusi B) uliotoka 2013, wagonjwa walitolewa kinyama cha ini kabla ya dawa na tena baada ya miaka 5, kati ya watu 96 walioanza wakiwa na sirosisi, 71 hawakuwa nayo tena! Kirusi kikibanwa, vurugu inaisha, ujumbe unapungua, zile seli za nyota nyingine zinakufa nyingine zinatulia, na mwili unaanza kuila ile kolajeni taratibu. Mimi mwenyewe ALT (kipimo cha damu kinachopanda ini likiumia) ilikuwa juu, nilipoanza vidonge ikashuka kidogo kidogo mpaka ikakaa sawa.

Si kila mwenye kirusi anaanzishiwa dawa, ila kila mmoja anatakiwa afuatiliwe. Kama kipimo cha wingi wa virusi ni ghali uliza hata AST (nayo inapanda ini likiumia) na pletileti (chembe za kugandisha damu), vinapatikana sehemu nyingi. Chukua AST yako gawanya kwa kiwango cha juu cha maabara, zidisha mara 100, gawanya kwa pletileti. Mfano AST 60, mwisho wa kawaida 40, pletileti 150 (yaani elfu 150), unapata 1. Ikizidi 0.5 usikae kimya, kaongee na daktari kuhusu kuanza dawa. Na upime UKIMWI kwanza, kwa sababu tenofoviri ni mojawapo ya ARV na mwenye VVU akiimeza peke yake anatengeneza usugu. Ukishaanza usiache kienyeji, kirusi kinaweza kuibuka kwa kishindo na ini likafeli.

Pombe acha kabisa, inaziamsha seli zilezile za nyota. Mahindi na karanga zenye ukungu tupa hata kama zinauma kutupa, sumukuvu ikikutana na kirusi B hatari ya saratani inapanda sana, na yenyewe peke yake inaua, 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Panadol usizidishe vidonge 8 kwa siku, na ukiwa na sirosisi uliza kwanza maana dozi yako ni ndogo zaidi.

Halafu watu wa nyumbani. Tanzania chanjo hii iliingia kwa watoto wachanga 2002, kwa hiyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawana. Mwenza wako apime HBsAg (kipimo cha kuonyesha kama ana kirusi B), akiwa hana kirusi achome sindano 3 za chanjo: leo, baada ya mwezi, na mwezi wa 6. Mjamzito mwenye kirusi awaambie kliniki mapema, mtoto achanjwe ndani ya saa 24 za kuzaliwa, kwa sababu wanaoambukizwa wakiwa wachanga karibu 9 kati ya 10 wanabaki nacho maisha yote.