Maswali na Majibu: Nani Alikuwa na Ufunguo?

Nafundisha Historia kidato cha tatu. Nina kipindi kimoja tu cha kufundisha moto wa kiwanda cha nguo cha Triangle, New York, 1911. Nianzie wapi?

Anzia mlangoni. Walimu wengi huanza na maiti: darasa linanyamaza, kengele inalia, basi. Idadi watajie, ni 146, wengi wao wasichana wahamiaji, Wayahudi na Waitalia, wadogo kabisa wa miaka 14. Kisha chora ubaoni ghorofa ya 9: safu za meza za cherehani, ngazi mbili, lifti, na ngazi ya chuma ya nje. Waambie wanafunzi watafute njia ya kutoka humo.

Ngazi ya upande wa Greene Street inazibwa na moto. Mlango wa Washington Place una kufuli, kwa sababu matajiri walitaka kila fundi atokee upande mmoja apekuliwe mkoba, asije akaiba kitambaa. Ngazi ya nje inang'oka na watu wakiwa juu yake. Ngazi za zimamoto zinaishia ghorofa ya 6. Moto ulianzia ghorofa ya 8, na huko walipiga simu ghorofa ya 10 kwenye ofisi za wakubwa, ambao karibu wote waliokoka kwa kupitia paa. Ghorofa ya 9 hakuna aliyeiambia. Sasa waache wanafunzi wahesabu wenyewe: mangapi kati ya haya yaliamuliwa na mtu kabla cheche haijaruka?

Chanzo cha moto ule kilikuwa nini?

Yaelekea sigara au kiberiti kwenye pipa la mabaki ya vitambaa. Swali hili huletwa kila Machi, mwezi wa kumbukumbu ya moto ule, na sijapata anayeuliza ufunguo ulikuwa kwa nani.

Wenye kiwanda walifungwa miaka mingapi?

Hata siku moja. Max Blanck na Isaac Harris walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, na Desemba 1911 wakaachiwa, maana haikuthibitika kwamba walijua mlango umefungwa saa ile. Mwaka 1914 familia zilizofungua kesi ya madai zililipwa dola 75 kwa kila marehemu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Blanck alikutwa tena amefunga mlango wa kiwanda wakati wa kazi. Faini: dola 20.

Msiruke sehemu hii mkakimbilia sheria nzuri zilizofuata. Ndiyo, zilikuja, na Frances Perkins, aliyesimama mtaani akiona watu wakiruka, akawa Waziri wa Kazi wa Marekani mwaka 1933. Lakini mafundi wa Triangle walikuwa wamegoma mwaka 1909, na kiwanda kikakataa kukitambua chama chao.

Naomba ushauri: wanafunzi waigize wale walioruka madirishani?

Hapana. Waigize kesi. Max Steuer, wakili wa wenye kiwanda, alimtaka shahidi Kate Alterman, fundi aliyenusurika, arudie ushahidi wake mara kwa mara, naye akaurudia karibu neno kwa neno, hata ikaonekana kakaririshwa. Darasa liamue lilimwamini nani.

Shule yetu iko kijijini, viwanda hatuna. Somo hili litatusaidia nini?

Bweni mnalo? Kule Shule ya Sekondari Kyanguli, Machakos, Kenya, Machi 2001, wavulana 67 waliteketea bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Kipindi kikiisha, liongoze darasa hadi bwenini mkaulize ufunguo hushikwa na nani saa nane za usiku, na mtu huyo hulala wapi. Mkuu wa shule atasema kufuli ni kwa usalama wa mabinti. Blanck na Harris nao walikuwa na sababu yao.

Na tafadhali, nondo zisizofunguka kwa ndani ziondolewe kabla ya kununua kengele ya moto.

Kizimamoto kimoja kinatosha?

Kinatosha wapi? Hukutaja jengo, idadi ya watu, wala kama yupo anayejua kukitumia. Nenda kwanza kasome kibandiko chake, uone kilikaguliwa lini.